Faragha Dhidi ya Nani? Historia ya Sikio la Mtanzania, Kutoka Redio ya Kijiji Hadi Runinga Janja

Kuunganisha vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya na runinga janja ni kazi ya dakika moja. Mtu hufungua mipangilio ya runinga, huchagua sehemu ya sauti, kisha njia ya kutolea sauti, kisha Bluetooth. Hufungua kikasha cha vipokea sauti na kubonyeza kitufe chake mpaka taa ianze kumetameta. Jina la kifaa likitokea kwenye kioo hulichagua, na vifaa viwili vimeoanishwa. Kama runinga ni ya zamani na haina Bluetooth, hununua kifaa kidogo cha kurushia sauti na kukichomeka katika tundu la hedifoni. Kuanzia hapo picha inabaki ya watu wote waliomo chumbani, lakini sauti imekuwa ya mtu mmoja.

Jambo hili linaonekana dogo mno kuingia katika historia ya siasa. Naona kinyume chake. Nani anasikia nini, pamoja na nani, na kwa ruhusa ya nani, ni maswali yaliyoisumbua kila serikali iliyowahi kututawala, kuanzia ya mkoloni. Anayejifungia sauti masikioni anajipatia faragha. Swali ambalo ningependa tulijibu kwa ushahidi wa historia ni hili: faragha hiyo ni dhidi ya nani?

Nitaanzia Matwebe, kata mojawapo ya wilaya ya Rungwe, katika nchi ya migomba, chai na mvua isiyokatika upesi. Nimeichagua Rungwe kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida kabisa: mvua ya Tukuyu ikipiga juu ya bati, runinga haisikiki, na vipokea sauti vya masikioni vinakuwa na maana ambayo mtengenezaji wake pengine hakuifikiria. Ya pili ni kwamba watu wa nchi hiyo, Wanyakyusa, wanajulikana katika maandiko ya elimu ya jamii kwa namna walivyothamini kuwa pamoja.

Nchi ya maongezi

Kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa. Godfrey alifariki 1944. Monica aliendelea kuandika, na 1951 akachapisha kitabu alichokiita Good Company. Kiini chake ni vijiji vya rika. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 hivi waliondoka katika nyumba za baba zao na kuanza kujenga pembeni kijiji chao wenyewe, na marafiki hao wa utotoni waliendelea kuishi pamoja hata baada ya kuoa. Thamani kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala: kukaa pamoja na wenzako wa rika lako, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao. Mtu alijifunza adabu na hekima kwa kusikia maongezi ya wengine. Aliyekula peke yake alitiliwa shaka, na shaka hiyo ilikuwa karibu sana na tuhuma ya uchawi.

Monica Wilson aliandika pia juu ya imani ya pumzi ya watu. Mtu alipokiuka haki, kwa mfano alipowadharau wazazi au kuwanyima majirani heshima yao, majirani walinong'ona dhidi yake, na manung'uniko hayo yaliaminika kumletea ubaridi na maradhi. Msomi wa siasa hatapata shida kuielewa imani hii. Inasema kwamba maoni ya umma yana nguvu ya kuwarudi hata wakubwa, mradi watu wameona na kusikia jambo lile lile na wanaweza kulizungumza.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Pumzi ya watu iliweza kumwangukia asiye na hatia. Penye macho na masikio mengi namna ile, mtu mwenye fikra tofauti alikuwa na pa kujificha padogo sana. Ujirani una ukarimu wake, na una ukali wake.

Redio moja, masikio mengi

Mwaka ule ule wa 1951, kituo cha redio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo, kwanza kwa eneo la jiji na viunga vyake. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa wakulima wa nyanda za juu tatizo la kwanza halikuwa matangazo. Lilikuwa chombo cha kuyapokelea, kwa kuwa redio za mwanzo zilihitaji umeme na fedha nyingi.

Jirani yetu wa kusini alitangulia kutafuta dawa. Mwaka 1949, Harry Franklin, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ndogo ya betri kwa ajili ya Waafrika. Bodi lake lilikuwa la duara na la alumini, kama sufuria, na likapewa jina la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Kwa Rungwe, ambako vijana wengi walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya Copperbelt, nchi hiyo ya sufuria zinazosema haikuwa mbali.

Chombo kimoja kiliwahudumia wengi. Mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni. Mkoloni aliupenda utaratibu huo kwa sababu ulimwezesha kusikika bila barabara wala ofisa. Lakini sikio lililofunguliwa halichagui linachopokea kwa matakwa ya aliyelifungua. Kuanzia 1954 Sauti ya Cairo ilitangaza kwa Kiswahili, ikiwashutumu wakoloni, na watu wa Afrika Mashariki waliisikiliza. Mwaka 1957 BBC nayo ilianza matangazo yake ya Kiswahili. Vita vya masafa vilikuwa vimeanza, na mkulima ndiye aliyegombewa.

Baada ya uhuru, serikali yetu iliurithi usikilizaji wa pamoja na kuufanya kuwa chombo cha elimu. Mfano mkubwa kuliko yote ni kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Takriban watu milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Kila wiki kikundi kilikusanyika kuzunguka redio, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi, kutunza visima. Kiini cha njia ile ni mpangilio wa hatua zake. Kusikia kulifuatwa na mjadala, na mjadala ulifuatwa na kazi. Mtu aliyesikia peke yake nyumbani asingeulizwa na yeyote choo chake kimefikia wapi.

Upande wa pili wa sarafu tuuone pia. Katika miaka ile redio ilikuwa moja, na ilikuwa ya serikali. Mpaka sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, sikio la pamoja la Watanzania wa Bara lilikuwa na mdomo mmoja tu wa kulisemesha. Kikundi kiliweza kujadili namna ya kuchimba choo. Hakikualikwa kujadili kama sera yenyewe ilikuwa sahihi. Nyumbani nako redio mara nyingi ilikuwa mali ya baba, na kitufe kilikuwa mkononi mwake. Mama na watoto walisikia alichotaka kusikia yeye.

Ng'ambo ya Ruvuma

Hapa inafaa tuvuke mpaka, kwa sababu mawimbi yale yale yaliyowakusanya watu hadharani nchini mwetu yaliwafanya wengine wajifiche. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na baadaye ilipata nafasi ya kuwatangazia watu wa Msumbiji kupitia mitambo ya redio yetu. Ndani ya Msumbiji kusikiliza matangazo hayo kulikuwa hatari. Polisi wa siri wa Ureno, PIDE, waliwasaka wafuasi wa ukombozi, na kukutwa ukiisikiliza sauti ile kulitosha kukuhusisha nao. Watu walisikiliza usiku, milango imefungwa, sauti imeshushwa mpaka sikio likakaribia kugusa kitambaa cha spika.

Ulaya nayo ilikuwa imeyaona hayo. Ujerumani ya Hitler iligawa redio za bei nafuu kuanzia 1933 ili sauti ya dola ifike kila nyumba, na Septemba 1939, vita vilipoanza, ikafanya kusikiliza vituo vya kigeni kuwa kosa la jinai.

Msikilizaji wa Msumbiji alikuwa na jibu la wazi kwa swali letu. Faragha yake ilikuwa dhidi ya mwenye nguvu. Alijificha ili aweze kujiunga na wengine: maelfu waliokuwa wakisikiliza sauti ile ile katika vyumba vingine vyenye giza. Peke yake chumbani, alikuwa ndani ya umma. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kusikiliza kwa siri ni ubinafsi, wala kwamba kusikiliza kwa pamoja ni uzalendo. Ujerumani ya 1939 ilikuwa na usikilizaji mwingi sana wa pamoja.

Kutoka banda la video hadi masikioni

Televisheni ilichelewa kutufikia. Zanzibar ilianzisha yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa na hata ya rangi nyeusi na nyeupe. Bara ilingoja mpaka 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV. Runinga za kwanza mitaani zilifuata desturi ya redio: moja kwa wengi. Mabanda ya video, ambayo vijana waliyaita vibanda umiza kwa ubanano wake, yalionyesha mpira wa Ulaya na filamu za kigeni. Humo ilizaliwa sanaa yetu ya kutafsiri filamu kwa sauti, iliyompa umaarufu Lufufu na wenzake. Mtafsiri alieleza, akatania na kuongeza chumvi, na ukumbi mzima ukacheka pamoja. Ilikuwa ni ukwangala wa namna mpya, kwa kiingilio.

Wakati huo huo, kwingineko duniani, sikio lilikuwa linafungiwa. Julai 1979 Sony iliuza Walkman ya kwanza. Wachache wanakumbuka kwamba ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili waweze kuzungumza. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Mzee wa Rungwe wa wakati wa Monica Wilson angemwelewa mara moja. Wanunuzi hawakumwelewa. Kila mmoja alitaka cha kwake, na tundu la pili likaondoka katika matoleo yaliyofuata.

Waya nao uliondoka. Mwaka 1994 wahandisi wa Ericsson nchini Sweden walianza kutafuta njia ya kuunganisha vifaa vya karibu kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba waliunda umoja wa kusimamia teknolojia hiyo, wakaipa jina la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Desemba 2016 Apple ilianza kuuza AirPods, na miaka michache baadaye vipokea sauti vya mfano huo, vya bei za kila namna, vilikuwa vikiuzwa hadi katika maduka ya simu ya miji yetu midogo. Jina la mfalme aliyeunganisha watu sasa lingetumika kumtenganisha mtu na waliokaa naye kochi moja.

Nisieleweke vibaya. Katika nyumba ya vyumba viwili, ambamo mwanafunzi anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne na bibi amelala, anayetazama mpira akiwa na vipokea sauti masikioni anafanya adabu. Mzee ambaye masikio yake yamepungua anaweza kuongeza sauti yake bila kuwaumiza wengine. Mke ambaye kwa miaka mingi alisikia alichochagua mumewe anaweza sasa kuwa na sikio lake mwenyewe. Hizo ni faida za kweli, na Katiba yetu inazilinda: ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha ya nafsi yake, familia yake na mawasiliano yake.

Anayebaki chumbani

Turudi basi kwenye swali. Anayevaa vipokea sauti mbele ya runinga janja amemzuia nani asisikie? Amewazuia mama, mtoto, mgeni na jirani. Hao katika historia yote niliyoieleza ndio waliokuwa na madhara madogo kuliko wote. Na je, amemzuia mwenye nguvu?

Hapana. Runinga janja si kioo tu. Ni kompyuta iliyounganishwa na intaneti. Runinga nyingi za aina hiyo zina programu ya kutambua kinachoonyeshwa na kupeleka taarifa hizo kwa kampuni, ambayo huzitumia au kuziuza kwa watangazaji wa biashara. Mwezi Februari 2017, nchini Marekani, kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza mashtaka ya kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila wenye nazo kuelewa wala kuridhia. Vipokea sauti havizuii hilo kwa namna yoyote, kwa sababu utambuzi unafanyika ndani ya runinga yenyewe. Mtazamaji amewafungia mlango waliokaa naye na kumwachia dirisha asiyemjua. Msikilizaji wa Msumbiji alifanya kinyume chake.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Wanafunzi wa sheria na watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaweza kuuliza swali rahisi: runinga janja inayouzwa Mbeya au Tukuyu inamweleza mnunuzi, kwa Kiswahili anachokielewa, nini kinachukuliwa na namna ya kukataa? Kurasa za masharti ambazo mtu hubonyeza "nakubali" ili aone picha haziwezi kuitwa ridhaa kwa maana yoyote ya dhati.

Kuna hasara ya pili, nayo ni ya umma. Mwezi Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge, ikitaja gharama. Wananchi wangepata muhtasari uliorekodiwa, usiku. Wapinzani walilalamika kwamba wananchi wananyimwa haki yao, na mjadala ulikuwa mkali. Yeyote atakayeisimulia historia ya sikio la Mtanzania ataiweka 2016 mahali pake: katika mwaka ambao ulimwengu ulianza kuuziwa kifaa cha kusikia peke yako, sisi tulipunguziwa jambo ambalo tungelisikia sote kwa wakati mmoja. Hakuna aliyepanga mambo hayo mawili yakutane. Lakini yanasaidiana. Umma ambao kila mmoja ana sauti yake masikioni hautambui upesi kwamba sauti ya pamoja imezimwa.

Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Isome pamoja na ibara ya 16. Ya kwanza inalinda sikio la umma, ya pili inalinda sikio la faragha. Waandishi wa Katiba hawakututaka tuchague moja.

Tufanye nini

Teknolojia yenyewe haitulazimishi upweke. Toleo jipya la sauti ya Bluetooth, lililotangazwa 2020, linaruhusu runinga moja kurusha sauti kwa vipokea sauti vingi kwa wakati mmoja. Mfumo huo, unaoitwa Auracast, unaweza kuwasaidia wasiosikia vizuri msikitini, kanisani au ukumbini. Tundu la pili la Akio Morita limerudi, safari hii bila kikomo cha idadi. Litatumika au la, hilo halitaamuliwa na wahandisi.

Nyumbani, anayeoanisha vipokea sauti na afungue pia ukurasa wa faragha katika mipangilio ile ile ya runinga, azime ruhusa ya kukusanya taarifa za utazamaji. Ni dakika ya pili, baada ya ile ya kwanza. Bila dakika hiyo ya pili, faragha aliyoipata ni dhidi ya watu wake tu.

Nje ya nyumba, tunacho bado chombo kimoja cha kusikia pamoja ambacho hakihitaji umeme: mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa kwa sauti mbele ya watu walewale ambao fedha ni zao, na ndipo swali moja linapoweza kusikika na mamia. Mtendaji asiyeitisha mkutano anafanya kazi ile ile ya kuzima sauti, bila kugusa kitufe. Anayehudhuria, akasikiliza na kuuliza, anairudisha ile pumzi ya watu ambayo Wanyakyusa waliamini inaweza kumtia baridi hata mkubwa.

Kwa hiyo tuvae vipokea sauti pale faragha inapotufaa, na tujue tunamfungia nani mlango. Siku taarifa ya kijiji inaposomwa, tuvivue.